Mtanashati wa Kijiweni

Sura ya Saba

Kijiwe kilimkataa Inspekta Taratibu mlangoni kabisa.

Alisogeza simu mbali na uso, akakunja macho, akasoma kwa sauti ile ile anayosomea hati za mashtaka: "Samahani. Kijiwe ni cha vijana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na tisa. Tunakutakia siku njema."

Msichana aliyekaa mbele yake alijiziba mdomo. "Afande, umeandika mwaka wako wa kweli?"

"Nimeulizwa nimezaliwa lini, nimejibu. Ulitaka nidanganye?"

"Kila mtu anadanganya. Mdogo wangu yuko darasa la tatu, na humo ndani ana miaka kumi na sita."

Mwalimu mkuu aliguna kutoka kwenye kona alikokuwa akisahihisha madaftari. Mtoto hahojiwi bila mtu mzima wa kumsimamia, kwa hiyo mama yule alikuwa pale kusimamia, kalamu nyekundu mkononi, masikio yote yakiwa mezani kwa Inspekta.

Aliyekuwa akihojiwa aliitwa Chiriku, na jina hilo hakuonewa kupewa. Alikaa dawati moja na Kito, na Kito ndiye aliyekuwa hajulikani alipo. Binti wa miaka kumi na mitano, mtoto pekee wa mama mjane anayeshona sare za shule. Jana asubuhi alitoka nyumbani na begi mgongoni, shuleni hakufika, na jioni mama yake aliingia kituoni akiwa bado ana futi ya kupimia nguo shingoni. Simu ya binti ilikuwa imezimwa. Ndugu wa kumkimbilia hakuna, alisema mama. Hospitali zilipigiwa, stendi ya mabasi iliulizwa, wote walitikisa vichwa. Kitu kimoja tu kilikuwa kimepatikana, nacho kilimponyoka Chiriku asubuhi hiyo katikati ya maneno mengine mia: Kito alikuwa na kijana wake Kijiweni.

Kijiwe ni ule mtandao ambao hakuna mwanafunzi asiyekuwamo na hakuna mzazi aliyemo. Polisi walikuwa wamewaandikia wenye mtandao, nao wakajibu kwa adabu kubwa kwamba ombi limepokelewa na litashughulikiwa, na Inspekta, aliyewahi kuandika majibu ya namna hiyo yeye mwenyewe, alijua maana yake. Asiye mwanachama haoni kitu. Chiriku alijitolea kufungua akaunti yake ili wachungulie humo, lakini Inspekta alimrudishia simu.

"Polisi haingii kwa mlango wa mtoto. Nikimkamata mtu leo, wakili wake ataanzia hapo hapo. Tutajiandikisha kama watu wengine wote. Taratibu."

Neno hilo ndilo lililompa jina. Alikuwa amelisema tangu akiwa konstebo mwembamba, na wenzake waliokuwa wakimcheka wengi wao walikwisha kustaafu na kesi zao zikiwa zimewafia mikononi. Alimpigia mkubwa wake kuomba ruhusa ya kudanganya umri kwa ajili ya upelelezi. Mkubwa alicheka mpaka akapaliwa, kisha akaruhusu. Inspekta aliandika ruhusa hiyo kwenye faili, akapiga mstari chini yake, halafu akarudi Kijiweni na kuwa na miaka kumi na saba.

"Jina la humo ndani?" aliuliza.

"Lolote. Ila lisiwe lako."

"Waridi."

"Waridi? Afande, hilo ni jina la kopo la mafuta ya kujipaka!"

"Nimeshaliandika. Kinachofuata nini hapa? 'Mambo unayopenda.'"

Hapo kidole chake kilisimama. Mambo unayopenda. Alijikuta amerudi kwenye ukurasa wa nyuma wa lile jarida lililokuwa likitoka kila mwezi, ukurasa wa marafiki wa kalamu, ambao wasichana wa bweni lake waliusoma kabla ya kitu kingine chochote. Jina, umri, anwani, na chini yake: anapenda kusoma vitabu, kusikiliza muziki na kubadilishana mawazo. Wote walipenda kubadilishana mawazo, hata wale ambao hukuwahi kusikia wazo lao lolote. Alikuwa na miaka kumi na sita alipotokea kwenye ukurasa ule, na kwa miezi mingi baadaye alikuwa akilikimbilia sanduku la barua la shule kabla kengele haijamaliza kulia. Barua kutoka kwa watu asiowajua, zenye harufu ya poda, zenye maua yaliyochorwa kwa kalamu ya rangi pembezoni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona kwa macho. Aliwakumbuka wote, na kwa kweli aliwatamani, akatamani hata lile sanduku la bati lililokuwa likikwaruza vidole.

"Afande, andika muziki tu inatosha," alisema Chiriku.

"Kusoma vitabu, kusikiliza muziki na kubadilishana mawazo," Inspekta aliandika, herufi moja baada ya nyingine. "Sasa kinataka picha."

"Tukupige hivi hivi?"

"Na hizi mvi? Ngoja." Alitoa pochi, na nyuma ya kitambulisho cha kazi akachomoa picha ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, msichana mwenye shingo ndefu na macho makavu. Ndiyo aliyokuwa ameitoa nakala kupeleka jaridani. Chiriku aliishika kwa ncha za vidole, akamtazama Inspekta, akaitazama tena.

"Huyu ni wewe? Ulikuwa mzuri!"

"Nilikuwa. Ahsante. Ipige."

Chiriku aliilaza picha juu ya meza, akaipiga kwa simu ya Inspekta. Ilitokea na doa jeupe la mwanga kwenye kona, na kivuli chembamba kando ya ukingo wake. Kijiwe kiliikubali. Kikampongeza Waridi kwa maneno ya rangi rangi, kisha kikamtaka awasalimie wenzake kwa ujumbe wake wa kwanza.

Inspekta aliinama juu ya simu, akafunga kibwebwe. Alipomaliza aliisukuma mezani. "Soma. Kuna kosa?"

Chiriku alisoma. "'Kwenu nyote mliomo. Kwanza kabisa pokeeni salamu zangu tele. Natumaini hamjambo na mnaendelea vizuri na masomo. Mkitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima wa afya. Dhumuni la kuwaandikia...'" Hakufika mwisho. Alilala mezani kwa kicheko, na mwalimu mkuu akagonga kalamu. "Samahani, mwalimu. Afande, hata wewe? Unaandika kama Mtanashati!"

"Nani?"

"Huyo kijana wa Kito. Anajiita Mtanashati. Ndivyo anavyoandika kila siku, salamu kwanza, dhumuni, halafu 'nikomee hapo'. Sisi tulijua ni mbwembwe zake. Darasa zima tulikuwa tunamuigiza."

Inspekta hakucheka. "Nioneshe."

Walimtafuta. Ukuta wa Kito ulifunguka kwa mwanachama mpya bila kinyongo, na humo, katikati ya vikatuni na herufi zilizokatwa mikia, maneno ya Mtanashati yalikuwa yamekaa sawasawa kwa aya na nukta zake. *Kwako Kito. Natumaini u mzima wa afya njema. Ukitaka kujua hali yangu, mimi sijambo, ila nina hamu kubwa ya kukuona. Dhumuni la kukuandikia ni kukujulisha kwamba picha yako mpya nimeiona na imenifurahisha mno. Nikomee hapo kwa leo. Akupendaye daima, Mtanashati.*

Inspekta alisoma ujumbe mmoja, wa pili, wa tatu. Mkono uliouandika aliufahamu. Hakumjua mwenyewe, lakini alijua alikofundishwa, kwenye dawati la mbao, na mwalimu aliyekuwa akipunguza maksi usipoanza na salamu. Hakuna mtoto wa leo anayejua kuigiza vile kwa miezi bila kuteleza hata mara moja.

"Kijana wa miaka kumi na saba," alisema polepole.

"Ndivyo alivyoandika," Chiriku alisema, na kicheko kilikuwa kimeanza kumwisha.

"Na picha yake?"

Picha ilijaa kiooni. Kijana mrefu mwenye shati la kola pana, amesimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi za jumba la kifahari, ameweka mkonga wa simu ya mezani sikioni, anatabasamu kana kwamba simu ile inapokea kitu. Kwenye kona palikuwa na doa jeupe la mwanga. Kando ya ukingo palikuwa na kivuli chembamba. Inspekta aliirudia picha ya Waridi, halafu akarudi kwa Mtanashati.

"Hii ni picha ya picha," alisema. "Imelazwa mezani ikapigwa, kama tulivyofanya sisi sasa hivi. Huyu tunayemtafuta ni mtu mzima. Rika langu, au amenizidi."

Mwalimu mkuu aliweka kalamu chini. Chiriku alitazama mlango. "Mimi nilimwambia aende," alisema. "Nilimwambia akamwone tu. Kwa sababu wanafanana, afande. Wanafanana kupita kiasi. Kito alisema yule ni kaka yake aliyefichwa."

Inspekta alimshika mkono, akauacha mkono wake pale mpaka mtoto akapumua. Kisha akateremka hadi chini kabisa ya ukuta. Siku mbili zilizopita Kito alikuwa ameandika: *Nimeamua. Nakuja nikuone kwa macho yangu.* Na Mtanashati alikuwa amejibu: *Karibu sana. Njia nimekuandikia sandukuni.*

Sanduku la ujumbe wa siri la mtu halifunguliwi na mwingine, hata awe Waridi.

*

Simu ya mezani, pazia la ngazi. Studio ya namna hiyo ilikuwa imebaki moja tu mtaani, hatua chache kutoka getini mwa shule, na mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwapiga wanafunzi picha za vitambulisho. Wote walimwita Cheka, kwa sababu ndilo neno pekee alilowahi kuwaambia. Mtu mwenye sura za wasichana wote wa shule kwenye droo yake. Inspekta hakupenda alivyokuwa akiwaza, lakini alikwenda.

Dirishani kwake palikuwa na simu nyekundu ya kuzungusha, imefutwa vumbi.

"Ya mapambo," Cheka alisema kabla hajaulizwa. "Haijawahi kuungwa waya hata siku moja."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Shule ya ng'ambo ya pili, napiga darasa la mwisho. Kutwa nzima. Kuna nini?"

"Nani anaweza kuthibitisha?"

"Watoto mia na kitu na mwalimu wa nidhamu. Mpigie."

Inspekta alipiga hapo hapo. Mwalimu wa nidhamu alithibitisha, akaongeza malalamiko kwamba picha zenyewe watoto wote wametoka wamefumba macho. Cheka alisikia, akanuna.

"Unaijua hii?" Inspekta alimwonesha picha kwenye simu yake.

Cheka alivaa miwani, na uso wake ukalegea. "Eeh! Pazia la bosi wangu. Mwenyewe ni marehemu. Nilijifunza kazi nikilikunjua na kulikunja hili pazia. Studio ilifungwa mimi sijapata hata mtoto wa kwanza. Jumamosi watu walikuwa wanapanga foleni mpaka barabarani, wameoga, wamejipaka mafuta, wengine wameazima viatu mlangoni. Siku hizi mtu anajipiga akiwa kitandani." Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Lakini huyu kijana hakuwa peke yake."

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Tazama begani."

Inspekta aliikuza picha. Kwenye bega la kushoto, pale picha ilipoishia ghafla, palikuwa na ncha za vidole vitatu. Vyembamba, kucha zimepakwa rangi.

"Hii imekatwa kwa mkasi," alisema Cheka. "Mkonga kwa mwanamume, mkono wa mwanamke begani, hiyo ilikuwa picha ya wachumba. Bosi alikuwa hakubali kuwapanga vingine. Mimi ningekuwa wewe, ningemtafuta aliyekatwa."

*

Chumba cha kushonea cha mama Kito kilikuwa na cherehani mbili, rundo la makoti ya shule yasiyo na mikono, na kiti kimoja, ambacho alikitoa kwa mgeni. Hakuwa amelala. Alikuwa anashona kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

"Mmempata?"

"Bado, mama. Nataka utazame picha."

"Ya huyo mhuni wa mtandaoni? Sitaki kumwona. Mkimkamata ndipo mniite, nije nimwone vizuri."

"Ni ya kazi. Mara moja tu."

Mama Kito aliinua macho kwa hasira. Mguu uliokuwa ukikanyaga cherehani uliendelea kukanyaga kidogo peke yake, kisha ukaacha. Aliichukua simu kwa mikono miwili. Inspekta alikuwa amewaonesha watu wengi picha nyingi katika maisha yake, za wezi, za maiti, za watoto waliopotea, na alijua kungoja. Alingoja.

"Hivi vidole ni vyangu," mama Kito alisema.

"Na kijana?"

"Mume wangu." Sauti yake ilitoka kavu. "Baba yake Kito. Tulikuwa tumechumbiana wiki ile. Rangi ya kucha niliazima kwa dada yangu." Alipitisha kidole juu ya kioo, na picha ikahama, akashtuka akaitafuta tena. "Alikufa mtoto akiwa hajajua hata kusema baba. Alianguka kutoka juu ya jengo walilokuwa wanajenga. Mimi ndiye niliyemwambia aichukue ile kazi."

"Picha hii anayo nani?"

"Mimi nilikuwa na nakala moja. Niliichoma." Alisema hivyo bila kuinua macho. "Nyingine ilikuwa kwa baba mkwe. Siku ya mazishi alisimama mbele ya watu wote akasema mwanawe ameuawa na tamaa ya mke wake. Mbele ya watu, afande. Nilimbeba mtoto wangu nikaondoka, nikabadili namba, nikahama mtaa. Kito nimemwambia ukoo wa baba yake umekwisha na picha ziliungua na nyumba."

"Kwa hiyo hakuwahi kuona sura ya baba yake."

"Hakuwahi."

Inspekta alifikiria ile sura ndefu kwenye ukuta wa Kijiwe, na msichana akiitazama kila siku na kujiona yeye. Kaka aliyefichwa. Kwa kile alichokuwa nacho mkononi, mtoto alikuwa amepiga hesabu vizuri tu.

Mama Kito alikuwa ameona kitu kingine. "Amenikata," alisema. Na hapo ndipo machozi yalipomtoka, yeye ambaye usiku kucha hakulia. "Yule mzee amechukua mkasi akanikata."

"Anakaa wapi?"

"Kama hajafa, palepale. Ng'ambo ya reli, ni fundi redio." Alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu. "Nataka afungwe. Andika hivyo kwenye karatasi zako. Amemuiba mwanangu kwa uso wa marehemu."

*

Kibanda cha fundi redio kilikuwa mbele ya nyumba yake, wazi kuelekea barabarani. Redio zilikuwa zimepangwa kutani mpaka darini, nyingi za wateja waliozisahau au waliokufa, na moja ilikuwa ikitoa taarifa ya habari kwa sauti ya chini. Mzee alikaa kwenye stuli, miwani imefungwa kwa waya. Mbele yake, kwenye mkeka, akiwa bado na sketi ya shule na shati kubwa la kiume lisilo lake, Kito alikuwa akimenya waya kwa meno.

Alikuwa mzima. Inspekta alimtazama kwanza mikono, shingo, macho, kama alivyozoea, na hakuona kitu cha kumtia wasiwasi. Mama Kito alimvuta binti yake akamkumbatia, akamsukuma akamtazama, akamchapa begani, akamkumbatia tena.

"Simu yako! Simu yako kwa nini umezima?"

"Ungenikataza," Kito alisema ndani ya bega la mama yake.

Mzee alijaribu kusimama, akakosa pa kushika. "Ameniambia amekupigia," alisema. "Jana alipofika tu nilimwambia, mpigie mama yako. Akaenda kule uani, akarudi, akasema mama amekubali alale hapa. Mimi nikashukuru. Nikasema kumbe umenisamehe."

Kito hakuinua uso. Inspekta alivuta kreti, akakaa, akafungua faili.

"Mzee, wewe ndiye Mtanashati?"

"Ndiye mimi."

"Kwa nini umejiandikisha kwenye mtandao wa watoto?"

"Nimemtafuta mtoto huyu miaka. Mteja mmoja aliniambia wajukuu siku hizi wote wako humo. Nikaingia. Nikaulizwa mwaka wa kuzaliwa, nikaandika, wakanifukuza." Inspekta aliandika jibu hilo, na masikio yake yakapata moto. "Nikaandika mwaka mwingine. Wakataka picha. Ya kwangu nikiwa kijana sina, wakati wetu aliyekupiga picha ni mwajiri tu, na alibaki nayo. Nilikuwa na hiyo moja tu ya mwanangu. Nikasema, kama mjukuu wangu ataona sura moja humo ndani, basi aone hiyo."

"Ulimwambia wewe ni nani?"

"Nilikuwa nataka kumwambia kila siku. Naanza na salamu, nafika kwenye dhumuni, nashindwa, naandika kitu kingine. Nilimwambia jana, uso kwa uso. Alilia sana."

"Na mkasi?" mama Kito aliuliza. Alikuwa amesimama kizingitini, hajaingia wala hajatoka.

Mzee alitazama mikono yake. "Hiyo niliifanya wiki ile ya mazishi. Nilikuwa nimepandwa na wazimu wa uchungu. Nilisema maneno ambayo hata mbwa haambiwi. Kile kipande chako nilikitunza, kiko ndani. Kila mara nataka kukigundisha, nashindwa kuvitazama vyote viwili pamoja."

Redio ilimaliza habari, ikaanza muziki. Inspekta aliifunika kalamu, akaifunua. Mtu mzima, umri wa uongo, picha isiyo yake, mtoto wa miaka kumi na mitano kushawishika kuondoka nyumbani. Karatasini kosa lilikuwa limekamilika, halikupungua hata kidole. Lilihitaji sahihi ya mlalamikaji.

"Mama, ulisema unataka afunguliwe mashtaka. Bado unataka?"

"Ndiyo," alisema mama Kito. "Kito, chukua begi, twende."

"Siendi."

"Unasema nini?"

"Siendi mpaka mtu aniambie." Kito alijitoa mikononi mwake, akarudi mkekani na kukaa, na sauti yake ilikuwa inakatika. "Nimekuuliza tangu niko mdogo, mama. Alikuwaje? Unasema alikuwa mtu mzuri. Kila mtu akifa anakuwa mtu mzuri! Alikuwa anaongeaje? Alikuwa anapenda nini? Nimekaa na uso wake miezi minne kwenye simu, nikamfanya kaka yangu, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Babu amenipa shati. Shati halisemi kitu."

Mama Kito alikuwa ameshika fremu ya mlango. Mzee alikohoa.

"Akitoka kazini," alianza, "mimi niko hapa hapa kwenye stuli, nilikuwa namjua akiwa bado kona ya kule. Alikuwa anapiga mluzi. Huo ulikuwa wake peke yake. Mimi nikiusikia, nainuka kwenda kumfungulia." Alibana midomo ili amwoneshe mjukuu wake. Meno ya mbele yalikuwa yamekwisha, upepo ukatoka mtupu. Alijaribu tena, akatoa sauti moja ndefu iliyovunjika katikati.

"Sivyo," alisema mama Kito.

Mzee aliacha.

"Sivyo, baba. Mluzi wake ulikuwa unaanza na mbili fupi, halafu unapanda." Alilowesha midomo. Uso wake uliona haya kama wa msichana, akatazama chini, kisha akapiga mluzi, mbili fupi na moja iliyopanda na kubaki juu, safi, mpaka watu wawili waliokuwa wakipita barabarani wakageuka.

Mzee aliinuka kwenye stuli. Alikuwa ameshapiga hatua mbili kuelekea barabarani, mkono umetangulia kama wa mtu anayekwenda kufungua mlango, ndipo alipokumbuka, akasimama katikati ya redio zake na mkono ule bado uko mbele. Mama Kito aliuona. Aliingia ndani, akaushika.

"Tena, mama," alisema Kito.